Risala ya Wakazi wa Asumbi Kuhusu Mazungumzo ya Amani ya Kongo ya Mashariki

Kwa Waheshimiwa Wawezeshaji walioteuliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC: Mheshimiwa Uhuru Kenyatta, Rais Mstaafu wa Kenya, Mheshimiwa Olusegun Obasanjo, Mheshimiwa Kgalema Motlanthe, Mheshimiwa Catherine Samba-Panza, pamoja na wenzenu.

Kupitia Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Asumbi, Jumapili, 30 Machi 2025.

YAH: MALALAMIKO NA MADAI YETU KABLA YA KUFUNGULIWA KWA MAZUNGUMZO KATI YA SERIKALI YA KONGO NA M23

Waheshimiwa,

Jumapili iliyopita mkataba uliotiwa saini Goma tarehe 23 Machi 2009, kati ya serikali ya Kongo na wapiganaji wa CNDP, ulitimiza miaka 16. Hatukusikia popote ukiadhimishwa. Mji wa Goma wenyewe uko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Januari, na jina hilo la M23 ni tarehe ya mkataba huo: walioshika silaha mwaka 2012 walisema wanadai yaliyoandikwa humo na hayakutekelezwa. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Kwa hiyo tunapowaandikia kuomba meza ifunguliwe, tunajua kwamba tunaomba jambo lililokwisha kufanyika mara nyingi. Meza hiyo imefunguliwa, ikafungwa, na kila ilipofungwa watu walizikwa.

Tarehe 18 mwezi huu ndiyo ilikuwa iwe siku yenyewe. Kinshasa ilikuwa imekubali kutuma ujumbe Luanda ukutane na M23 ana kwa ana, jambo ambalo Rais Tshisekedi alilikataa tangu vita hivi viliporudi mwishoni mwa mwaka 2021. Siku moja kabla, Umoja wa Ulaya ukawawekea vikwazo viongozi wa kundi hilo pamoja na maafisa wa jeshi la Rwanda, na M23 wakatangaza kwamba hawaji. Siku ambayo Luanda palikuwa patupu, Rais Tshisekedi na Rais Kagame walionekana Doha wakiwa na Amiri wa Qatar. Tarehe 24 Angola ikatua mzigo wa usuluhishi, na siku hiyohiyo wakuu wa jumuiya mbili wakawakabidhi ninyi. Tunajua meza zenu zimejaa makaratasi. Tunaomba hili letu lisiwekwe chini kabisa.

Mtauliza: Asumbi na Goma wapi na wapi? Sisi ni walimu na wanaosomea ualimu, wakulima wa mahindi na njugu, mama wauza omena, vijana wa bodaboda wa barabara ya kwenda Rongo, wastaafu na waumini. Wengine wetu tuko Kaunti ya Homa Bay, wengine tumevuka kutoka Migori. Hakuna kati yetu aliyewahi kuitwa kwenye kongamano lolote la amani. Lakini Kongo si nchi ya mbali tena. Tangu mwaka 2022 ni mwanachama wa Jumuiya yetu, na mwaka huohuo, Novemba, vijana wetu wa KDF, jeshi la Kenya, walitua Goma chini ya bendera ya Jumuiya hiyo. Mama mmoja kati yetu alikuwa na mwanawe kule. Anasema katika mwaka ule mzima kijana hakuwahi kumwambia habari za risasi. Alichomsimulia ni aibu: kwamba watu wa mji waliwapokea kwa vifijo, na baada ya miezi michache watoto walewale waliowapungia mikono wakawa wanawaita watalii. Waliambiwa wasimame kati ya jeshi na waasi. Raia walidhani wamekuja kuwafukuza waasi. Serikali ya Kongo nayo ilidhani hivyohivyo. Desemba 2023 wakafungasha, kwa sababu Kinshasa haikutaka kuwaongezea muda. Mama yule anauliza swali ambalo tunaliandika kama alivyolitamka: walitumwa na nani, wafanye nini, na nani aliwaeleza wenyeji?

Tena wako ndugu. Waalur wa Mahagi na Djugu, kule Ituri, ni wa jamii moja nasi kwa asili na lugha. Mjaluo wa hapa akiketi na Mualur, baada ya salamu mbili tatu wanaanza kuelewana. Ituri ina vita vyake, vya CODECO na Zaire na makundi mengine, na huko hakuna aliye na msemaji mzuri wa redioni wala mwaliko wa Doha. Tunaogopa kwamba meza itakayoandaliwa kwa ajili ya M23 peke yao itawafundisha wengine wote njia ya kuifikia: teka mji mkubwa kwanza, ndipo uitwe mheshimiwa.

Sasa malalamiko.

La kwanza linatuhusu sisi Wakenya, na hatulisemi kwa furaha. Jina la mji wetu mkuu limeandikwa juu ya makaratasi mengi yaliyokufa. Tarehe 17 Desemba 1985 serikali ya Uganda ya Tito Okello na waasi wa NRA wa Yoweri Museveni walitia saini mkataba wa amani Nairobi, Rais Moi akiwa mwenyekiti, baada ya miezi ya vikao. Siku 40 baadaye NRA walikuwa ndani ya Kampala. Tarehe 9 Novemba 2007, Nairobi tena, Kongo na Rwanda ziliafikiana kuhusu kuwanyang'anya silaha FDLR, wale Wahutu wenye silaha ambao baadhi ya wakubwa wao walihusika na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Leo, zaidi ya miaka 17 baadaye, FDLR ndio kifungu cha kwanza katika kila rasimu, kana kwamba hakuna aliyewahi kulijadili jambo hilo. Na tarehe 12 Desemba 2013, siku ambayo Kenya nzima ilikuwa ikisherehekea miaka 50 ya uhuru, serikali ya Kongo na M23 walioshindwa vitani mwezi mmoja kabla walitia saini, kila upande tamko lake, hapohapo Nairobi. M23 waliahidi kuacha uasi. Serikali iliahidi msamaha kwa wasio na damu mikononi, kuachiliwa kwa wafungwa, kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya raia, kurejea kwa wakimbizi, na mengine.

Sisi tulikuwa tunatazama gwaride. Wapiganaji walikuwa kambini Uganda na Rwanda wakisubiri. Baadhi walirudishwa Kongo, wengi walibaki, na Januari 2017 Sultani Makenga na watu wake walitoroka Uganda wakarudi milimani, kwenye volkano zile za mpakani. M23 wanadai pia kwamba wajumbe wao walikaa Kinshasa zaidi ya mwaka, kuanzia 2020 hadi 2021, wakingojea kuitwa. Serikali ina maelezo yake. Tunachojua sisi ni kwamba hatukusikia ofisi yoyote, si Nairobi wala Kampala wala Addis Ababa, ikiuliza kila mwezi: kifungu hiki kimefikia wapi, kile nani anakichelewesha? Waliohudhuria utiaji saini walirudi nyumbani na picha.

Na Nairobi haikuishia hapo. Tarehe 15 Desemba 2023, vijana wetu wa KDF wakiwa ndio wanatoka Goma, Corneille Nangaa, aliyekuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya Kongo, alizindua muungano wake wa AFC katika hoteli moja ya Nairobi, M23 wakiwa pamoja naye. Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Serikali yetu ilijibu kwamba Kenya ni nchi huru na kila mtu ana haki ya kuzungumza na vyombo vya habari. Huenda kisheria ni kweli. Lakini Januari iliyopita, watu wenye hasira walipovamia balozi kadhaa Kinshasa, ubalozi wa Kenya ulikuwa mmojawapo, na hatuamini kwamba walikosea njia. Huwezi kuwa ukumbi wa uzinduzi na baraza la usuluhishi kwa wakati mmoja.

Lalamiko la pili ni zito zaidi. Linahusu namna amani ilivyolipwa.

Bosco Ntaganda alitolewa hati ya kukamatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mwaka 2006, kwa mambo aliyoyafanya Ituri, na hati hiyo ikatangazwa hadharani mwaka 2008. Mwaka 2009, kwa ajili ya amani, akaingizwa katika jeshi la taifa akiwa jenerali. Walioomba akamatwe waliambiwa kwamba amani ni muhimu kuliko haki. Miaka mitatu hivi baadaye aliasi, na M23 wakazaliwa. Machi 2013 alijisalimisha mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 30. Hesabu ni rahisi: amani ile iliyonunuliwa kwa cheo ilidumu miaka mitatu, na bei yake imelipwa na watu wa Rutshuru na Masisi, ambao hakuna aliyewauliza kama wanauza.

Leo kanisani Injili ilikuwa ya mwana mpotevu, na padri alituhubiria vizuri kuhusu baba mwenye huruma. Wengine wetu tulitoka tukijadili yule ndama. Katika simulizi ile ndama alichinjwa, karamu ikaliwa, ugomvi ukawa kati ya baba na wana wawili, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyemlisha ndama miezi yote ile. Serikali ya Kongo inapompokea mwasi kwa cheo, gari na mshahara, ndama ni wa mkulima wa Masisi. Tunaomba asamehewe ndugu yeyote anayestahili. Tunaomba tu mwenye ndama awepo pale kisu kinaponolewa.

Lalamiko la tatu: mazungumzo yanavunjika kwa urahisi wa kutisha, na anayevunja halipi. Sisi watu wa jamii ya Waluo tuliifuata kwa karibu habari ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda na Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, maana redio ilipotangaza majina ilikuwa kama majina ya hapa kwetu. Mwaka 1994 mama Betty Bigombe, akiwa waziri, alikuwa amefika mahali pa kukutana na makamanda wa LRA msituni. Rais Museveni akatoa makataa ya siku saba wajisalimishe, na kazi yote ikaanguka. Yakafuata mazungumzo ya Juba, kuanzia Julai 2006, msuluhishi akiwa Riek Machar. Yalikuwa mazungumzo ya maana. Agosti mwaka huo mapigano yalisitishwa. Juni 2007 yakapatikana makubaliano juu ya uwajibikaji na maridhiano, yaliyotafuta njia kati ya mahakama na mila za Waacholi. Wakimbizi wa ndani wa Gulu na Kitgum walianza kutoka makambini wakarudi kulima. Aprili 2008 wazee na viongozi wa dini wa Acholi walisafiri hadi Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan na Kongo, wakasubiri Kony aje atie saini. Hakutokea. Hati ya mahakama ilikuwa juu ya kichwa chake, na msaidizi wake Vincent Otti, aliyekuwa akiyataka mazungumzo, alikuwa amekwisha kuuawa kwa amri yake.

Sasa angalieni kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachowahusu ninyi. Tarehe 14 Desemba 2008 majeshi ya Uganda, yakisaidiwa na ya jirani, yalishambulia kambi za LRA huko Garamba, ndani ya Kongo. Kony hakukamatwa. Katika wiki za Krismasi LRA wakalipiza kisasi kwa wanavijiji wa Faradje, Doruma na sehemu nyingine za Haut-Uele, na zaidi ya watu 800 wakauawa. Watu hao hawakuwa Waganda. Hawakuwa na mjumbe Juba. Ugomvi ulikuwa wa wengine, meza ilikuwa ya wengine, na ilipopinduka iliwaangukia wao. Watu wa Kongo ya mashariki wamekuwa wakiangukiwa na meza za majirani tangu mwaka 1994, na hatudhani kwamba kuna mahali pengine katika Jumuiya yetu ambapo watu wamezoeshwa hivyo.

Na kwa haki, tuseme na hili. Si kila wanachodai M23 ni uongo. Wapo Wakongo wasemao Kinyarwanda, Watutsi wa Kivu Kaskazini na Banyamulenge wa Kivu Kusini, ambao sheria ya mwaka 1981 iliwatilia shaka uraia wao, na hata baada ya sheria mpya ya mwaka 2004 bado mtu anaweza kuulizwa babu yake alizaliwa wapi kabla ya kuulizwa jina lake. Maelfu kwa maelfu wako kambini Rwanda na Uganda tangu miaka ya tisini. Wamezaa huko na watoto wao wamezaa huko. Mazungumzo yatakayowacheka watu hawa yatazaa M23 nyingine yenye tarehe nyingine. Lakini haki ya mkimbizi haiibebi na Rubaya. Machimbo ya koltani ya Rubaya yalitekwa na M23 mwezi Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba kundi hilo lilikuwa likitoza kodi ya takriban dola 800,000 kila mwezi kutokana na madini hayo. Sisi tunaopakana na machimbo ya dhahabu ya Nyatike tunajua jinsi madini yanavyotembea: yakishavuka mpaka wa kwanza hayana kabila wala kijiji tena. Mkimbizi wa kambi ya Mahama, Rwanda, hajawahi kuona dola moja ya Rubaya.

Hayo ndiyo malalamiko. Madai yetu ni haya yafuatayo.

Tunadai, kabla ya lolote jingine, kwamba kikao cha kwanza kati ya serikali ya Kongo na M23 kisianze na rasimu mpya. Kianze na za zamani. Wekeni mezani mkataba wa 23 Machi 2009, matamko ya Nairobi ya Desemba 2013, na Mkataba wa Mfumo wa Addis Ababa wa Februari 2013, uliotiwa saini na nchi 11 zikiwemo Rwanda na Uganda. Someni kifungu kwa kifungu. Kila kifungu kiandikwe kando yake: kimetekelezwa, hakikutekelezwa, nani alitakiwa, kwa nini hakufanya. Hesabu hiyo itangazwe kwa watu kabla wajumbe hawajaendelea na jambo la pili. Tunajua wanadiplomasia watasema kwamba kufukua ya kale kunaharibu hali ya mazungumzo. Kwa maoni yetu hali yenyewe imekwisha kuharibika. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Upande ambao hautaki vifungu vya zamani visomwe ni upande usiokusudia kutekeleza vipya, na ni heri mjue hilo wiki ya kwanza kuliko mwaka wa tatu.

Na hapo, Mheshimiwa Rais Mstaafu, tukuombe radhi tuseme na wewe kama Mkenya mwenzetu. Mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tulipokea hapa Nyanza ndugu zetu waliofukuzwa Naivasha na Nakuru, wengine wakiwa na nguo za mwilini tu. Mwafaka wa tarehe 28 Februari mwaka ule ulinyamazisha mapanga, na kwa hilo tunashukuru hadi leo. Hata katiba ya mwaka 2010 tuliipata kwa njia hiyo. Lakini ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ulikabidhiwa wewe mwenyewe Mei 2013. Machi 2015 uliomba msamaha kwa niaba ya serikali ukatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ripoti ile bado haijatekelezwa. Hatuyasemi haya kukuvunjia heshima. Tunayasema kwa sababu unajua, kuliko mwezeshaji yeyote katika jopo hili, jinsi karatasi nzuri inavyolala kabatini, na ujuzi huo Wakongo wanauhitaji.

Tunadai usitishaji mapigano wenye macho. Wawepo waangalizi wanaoweza kufika Walikale na Masisi, si wanaokaa hotelini wakisubiri ripoti za simu. Pamoja na huo, uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe kwa ajili ya dawa na chakula, na benki zifunguliwe. Tangu mji utekwe, benki zimefungwa, na mwalimu wa Goma anavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa zake mwenyewe. Waliofukuzwa katika kambi za Bulengo na Lushagala mwezi Februari waambiwe wazi wanarudishwa wapi na kwa ulinzi wa nani. Hili halihitaji kusubiri mkataba.

Kigali ikae mezani kwa jina lake. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria askari wa Rwanda ndani ya Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000, na Baraza la Usalama, kwa azimio nambari 2773 la tarehe 21 Februari, limeitaka Rwanda iyaondoe majeshi yake. Rwanda inakana. Basi ikanie mezani, ikisikilizwa pia kuhusu FDLR, ambalo ni dai la haki na ambalo Kinshasa imelichezea kwa muda mrefu kwa kupigana bega kwa bega na watu walewale iliyoahidi kuwanyang'anya silaha.

Pasiwe na cheo cha jeshi kwa yeyote ambaye jina lake liko katika hati ya mahakama au ambaye kuna ushahidi wa uhalifu wa kivita juu yake, awe wa M23, wa wanamgambo wa Wazalendo au wa jeshi la serikali. Sheria ya msamaha ya Kongo ya Februari 2014 ilikwisha kuwatenga watu wa namna hiyo, hatuombi jipya. Mfano wa Ntaganda unatosha.

Wanawake wawe wajumbe wenye kura, kwa idadi inayoonekana. Tarehe 27 Januari, Goma ilipokuwa ikianguka, wafungwa walitoroka gereza la Munzenze, na Umoja wa Mataifa umeripoti kwamba zaidi ya wanawake 100 waliokuwa humo walibakwa, kisha wengi wao wakateketea gereza lilipochomwa moto. Hakuna hata mmoja katika pande zinazogombana aliyejitokeza kusema: lile ni letu, tutalichunguza. Kama hakuna mwanamke mezani wa kuuliza habari za Munzenze, hazitaulizwa.

Maaskofu Wakatoliki wa CENCO na Waprotestanti wa ECC waitwe rasmi. Februari walimwona Rais Tshisekedi, wakaenda Goma wakakutana na M23 na Nangaa, wakafika Kigali. Walikwenda bila walinzi wa kuwatisha wenyeji wao, na walirudi Kinshasa wakisemwa vibaya kwa kuwa walizungumza na adui. Wamekwisha kulifanya ambalo ninyi mmeteuliwa kulifanya. Msiwaanzishie moja.

Ituri isiachwe. Dai hili tumelieleza hapo juu. Tunaongeza tu kwamba mjumbe wa Waalur na mjumbe wa Wahema na wa Walendu wakae meza moja na kwa wakati mmoja na wajumbe wa Kivu.

Mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili. Ndicho kinachozungumzwa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Ndicho askari wa pande zote mbili wanachotumia kuomba maji. SADC ilikiidhinisha kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikikiimba kwa miaka mingi. Rasimu zinazoandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza humfikia mwenye shamba la Masisi kama fununu. Kila jioni ya kikao, muhtasari usomwe redioni. Radio Okapi ina matangazo ya Kiswahili. Haihitajiki ofisi mpya.

Kwa serikali yetu ya Kenya tuna dai moja tu: kikundi chenye silaha kisizinduliwe tena katika ardhi yetu, na sheria inayohitajika iandikwe.

Tunaomba tarehe ya kikao cha kwanza itangazwe kabla ya mwisho wa Aprili, na mtujibu kwa maandishi kupitia Arusha. Jibu likija kwa Kiswahili tutalisoma sokoni siku ya soko. Likija kwa Kiingereza walimu wetu watalitafsiri, ila tutakuwa tumekwisha kujua mmelipokea vipi dai letu la lugha.

Ni sisi,
Wakazi wa Asumbi na majirani zetu wa Homa Bay na Migori.